Injini Iliyokataa Springi: Mapenzi ya Maisha kwa Pikipiki za Mbio za Italia

Mapenzi ya mtu kwa chombo cha moto kwa kawaida hupungua kadiri chombo kinavyochakaa, kwa kuwa kilicho kipya huja na kasi zaidi na usumbufu mdogo. Lakini lipo kundi la wapenzi wa pikipiki, lililotapakaa kuanzia Ulaya hadi Japani na Australia, ambalo mapenzi yake hayafuati kanuni hiyo. Mpenzi wa pikipiki za mbio za Italia, yaani zile zilizozaliwa katika mashindano kisha zikarekebishwa kiasi cha kuruhusiwa kutembea barabarani, huanza akiwa kijana na huendelea hadi uzeeni, akikusanya majarida, vitabu vya ufundi na spea, na akiwataja wahandisi waliokwisha kufariki kama mtu anavyowataja walimu waliomfundisha. Makala haya yanashikilia kwamba kasi na urembo, ingawa vyote viwili vipo kwa wingi, havitoshi kueleza mapenzi ya namna hiyo. Kinachowashika watu maisha yao yote ni kwamba katika pikipiki hizi fikra ya mhandisi mmoja huonekana waziwazi, ikiwa imefuatwa hadi mwisho wake bila kuachwa njiani, na mwenye chombo hulazimika kuielewa fikra hiyo kwa mikono yake mwenyewe ili injini iendelee kunguruma.

Mapenzi haya yana jiografia yake. Karibu viwanda vyote vinavyohusika viko kaskazini na kati ya Italia: Benelli ilianzishwa Pesaro, kando ya bahari ya Adriatiki, mwaka 1911; Moto Guzzi ilianzishwa mwaka 1921 na makao yake yakawa Mandello del Lario, kwenye ufuo wa ziwa Como; MV Agusta ilichipuka mwaka 1945 kutoka kwa familia ya watengenezaji wa ndege huko Cascina Costa; Laverda ilikuwa Breganze, Aprilia iko Noale karibu na Venice, Bimota iko Rimini, na Ducati iko Bologna. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nchi hiyo ilihitaji usafiri wa bei nafuu kuliko ilivyohitaji kitu kingine chochote cha chuma, na kampuni ya Piaggio ikatoa Vespa mwaka 1946 na chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Ape mwaka 1948. Msomaji wa Afrika Mashariki anakijua kizazi cha Ape vizuri kuliko anavyodhani, kwa sababu kampuni ya Bajaj ya India ilijifunza kazi kwa kuunda vyombo vya Piaggio kwa leseni, na bajaji zinazobeba abiria Dar es Salaam na Mombasa ni uzao wa ukoo huohuo. Katika mazingira hayo ya umaskini na mafundi hodari, mbio za barabarani kama ile ya Milano hadi Taranto zikawa maonyesho ya biashara: aliyeshinda Jumapili aliuza pikipiki Jumatatu.

Ducati haikuanza na pikipiki. Mwaka 1926 Antonio Cavalieri Ducati na wanawe, Adriano, Bruno na Marcello, waliunda mjini Bologna kampuni ya vipuri vya redio, hasa kondensa, kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme. Kiwanda kikubwa kikajengwa Borgo Panigale, pembezoni mwa jiji, na mwezi Oktoba 1944 kikapigwa mabomu. Vita vilipokwisha, kampuni ilijiokoa kwa kuunda Cucciolo, injini ya cc 48 iliyokuwa imebuniwa Turin kwa ajili ya kufungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Herufi hizo cc, ambazo zitajitokeza tena na tena hapa, ni kipimo cha ujazo wa nafasi ambamo pistoni husafiri. Kwa kulinganisha, bodaboda nyingi za leo zina cc 100 hadi 150. Kwa miaka minane Ducati ilibaki kuwa mtengenezaji wa vyombo vidogo vya kumfikisha mtu kazini, mpaka mwaka 1954 alipoajiriwa mhandisi mwenye umri wa miaka 33 aitwaye Fabio Taglioni, mzaliwa wa Lugo katika mkoa wa Romagna.

Ili kuelewa alichofanya Taglioni inafaa kuelewa kwanza tatizo lililomsumbua kila mhandisi wa mbio wa wakati ule. Katika kichwa cha silinda kuna valvu, milango midogo ya chuma inayoruhusu hewa na mafuta kuingia na moshi kutoka. Valvu husukumwa ifunguke na kamu, kinundu kilicho juu ya mhimili unaozunguka uitwao kamshafti, na katika injini za kawaida hurudishwa mahali pake na springi. Injini inayozunguka mara 12,000 kwa dakika huitaka kila valvu ifunguke na kufungwa mara 6,000 katika dakika hiyo, yaani mara 100 kila sekunde. Springi haiwezi kuvumilia mwendo huo bila kikomo: hufika mahali ambapo kamu imekwisha kupita lakini valvu bado iko wazi kwa kuchelewa kurudi, na pistoni inayopanda inaweza kuigonga na kuiharibu injini nzima. Zaidi ya hayo, chuma cha springi cha miaka ya 1950 kilikuwa kikikatika mara kwa mara, na mpanda pikipiki aliyekosea gia kwa sekunde moja angeweza kumaliza mbio zake akisukuma chombo kwa miguu.

Wengi walijaribu kutafuta springi bora. Taglioni aliiondoa springi. Katika mfumo uitwao desmodromiki, valvu hufunguliwa na kamu moja na kufungwa na kamu nyingine, kwa hiyo hakuna hatua yoyote ya mwendo wake inayoachiwa mnyumbuko wa chuma. Wazo lenyewe lilikuwapo kabla yake, na Mercedes-Benz ililitumia katika magari yake ya mbio ya mwaka 1954 na 1955, kisha ikaliacha; Taglioni ndiye aliyelifanya liwe tabia ya kiwanda kizima. Injini yake ya cc 125 ya mwaka 1956 ilikuwa na kamshafti tatu, mbili za kufungua na moja ya katikati ya kufunga, na katika shindano lake la kwanza, huko Hedemora nchini Sweden, Gianni Degli Antoni alishinda nayo. Degli Antoni alifariki wiki chache baadaye akiwa mazoezini Monza, na mradi ukachelewa. Lakini mwaka 1958, katika uwanja huohuo wa Monza, pikipiki za Ducati zilichukua nafasi tano za kwanza katika daraja la cc 125. Mwaka 1968 kiwanda kikaanza kuuza pikipiki za barabarani zenye mfumo huo, safari hii kamu zote nne zikiwa juu ya mhimili mmoja, na tangu hapo mtu wa kawaida angeweza kununua dukani kitu ambacho Mercedes-Benz ilikuwa imekiacha.

Hatua ya pili ya Taglioni ilikuja mwaka 1970, alipounganisha silinda mbili katika pembe ya nyuzi 90, ile ya mbele ikilala karibu sambamba na ardhi na ya nyuma ikisimama. Pembe hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya sura: silinda mbili zinapokuwa katika pembe hiyo, nguvu kuu zinazosababishwa na pistoni moja kupanda na kushuka husawazishwa na zile za pistoni ya pili, kwa hiyo injini hutetemeka kidogo bila kuhitaji uzito wa ziada wa kuituliza. Isitoshe, injini inabaki nyembamba kama ya silinda moja, na upepo unaifikia silinda ya mbele moja kwa moja. Gharama yake ni urefu, kwa kuwa silinda iliyolala hulisukuma gurudumu la mbele mbali zaidi na kuifanya pikipiki iwe nzito kugeuza kwenye kona fupi. Taglioni aliikubali gharama hiyo, na wahandisi waliomfuata walitumia zaidi ya miaka 40 kutafuta njia za kuipunguza badala ya kuiacha pembe yenyewe. Hapa ndipo penye kiini cha mapenzi yanayozungumziwa: uamuzi wa mtu mmoja, wenye faida na hasara zinazojulikana, ukarithiwa na kusafishwa na vizazi kadhaa, kiasi kwamba anayekaa juu ya Ducati ya mwaka 2010 anahisi mwendo uleule alioupanga Taglioni mezani pake.

Tarehe 23 Aprili 1972 uamuzi huo ulipimwa mbele ya umma. Uwanja wa Imola, ulio kilomita zipatazo 30 kutoka Bologna, uliandaa mbio za maili 200, takriban kilomita 320, kwa pikipiki za cc 750 zinazotokana na zile zinazouzwa madukani. MV Agusta ilimleta bingwa wake Giacomo Agostini. Honda, Triumph, BSA na Moto Guzzi nazo zilikuwepo. Ducati ilifika na gari lenye kuta za vioo, ambamo pikipiki zake zilionekana na kila mpita njia, na fremu zake bado zilikuwa na vishikio vya stendi vilivyotoka moja kwa moja kwenye pikipiki za kawaida. Mwingereza Paul Smart alikuwa Marekani wakati mwaliko wa Ducati ulipokuja kwa simu, na mkewe ndiye aliyeukubali kwa niaba yake. Agostini alitangulia mizunguko ya mwanzo, kisha Smart na mwenzake wa Ducati, Bruno Spaggiari, wakampita, na pikipiki ya Agostini ikashindwa kumaliza. Smart akafika wa kwanza, Spaggiari wa pili akiwa na tangi lililokaribia kukauka. Mwaka 1974 Ducati ilitoa 750 Super Sport, nakala ya barabarani ya pikipiki ile, ambayo ziliundwa 401 tu, na tangi lake lina mstari mwembamba usiopakwa rangi ambao kupitia kwake mpanda huona mafuta yaliyobaki. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kitu cha mbio kilichopelekwa sokoni bila kufichwa asili yake.

Ushindi mwingine ulioandika jina la Taglioni katika kumbukumbu za watu ulitokea tarehe 3 Juni 1978 kwenye Kisiwa cha Man, ambako Mike Hailwood, aliyekuwa hajashindana pale kwa miaka 11 na ambaye mguu wake uliumizwa vibaya katika ajali ya gari la mbio mwaka 1974, alirudi akiwa na umri wa miaka 38 na kushinda juu ya Ducati ya cc 900 iliyoandaliwa na karakana ya Kiingereza, akimwacha nyuma Phil Read wa Honda.

Isidhaniwe kwamba Bologna peke yake ndiyo iliyofikiri. Kule Mandello, Giulio Cesare Carcano alibuni katikati ya miaka ya 1950 injini ya cc 500 yenye silinda nane na kabureta nane, ambayo mwaka 1957 iliisukuma pikipiki kwa zaidi ya kilomita 270 kwa saa, kasi iliyozidi uwezo wa tairi za wakati ule. Mwishoni mwa mwaka huo Guzzi na viwanda vingine viwili vya Italia, Gilera na Mondial, vilijitoa katika mashindano ya dunia, na injini ile haikupata muda wa kukomaa. Carcano huyohuyo ndiye aliyebuni injini ya V7 ya mwaka 1967, ambayo silinda zake mbili hutokeza kulia na kushoto na nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo, na anayefungua mafuta akiwa amesimama huhisi pikipiki ikiinama kidogo upande mmoja kwa sababu ya mzunguko wa injini. Nako Cascina Costa, MV Agusta ya kabaila Domenico Agusta ilitawala daraja la cc 500 bila huruma: kuanzia 1958 hadi 1974 ubingwa wa waendeshaji haukutoka mikononi mwa MV, na Agostini alipata mataji 13 kati ya 15 yake akiwa na kiwanda hicho. Hata hivyo, pikipiki za MV za mbio hazikupatikana kwa mwananchi wa kawaida, na hilo lina uzito, kwa kuwa mapenzi ya maisha yanahitaji kitu kinachoweza kuguswa.

Fikra ya pili kubwa ilikuwa ya Massimo Tamburini wa Rimini, na yeye hakushughulika na injini bali na fremu, yaani kiunzi kinachoshikilia injini, magurudumu na mpanda. Yeye na wenzake wawili, Valerio Bianchi na Giuseppe Morri, walikuwa na kampuni ya mabomba ya joto na hewa. Mwaka 1972 Tamburini alianguka kwenye uwanja wa mbio wa Misano akiwa juu ya Honda ya cc 750 na kuvunjika mbavu, na hitimisho alilolifikia ni kwamba injini za Japani zilikuwa zimekwisha kuzitangulia fremu zake. Kwa kuwa mikono yake ilijua kukunja na kuunganisha bomba, aliunda fremu yake mwenyewe, na mwaka 1973 ikazaliwa Bimota, jina lililotokana na silabi za kwanza za majina ya hao watatu. Baada ya ndugu Castiglioni wa Varese, wamiliki wa Cagiva, kuinunua Ducati mwaka 1985, Tamburini alipewa kazi ya kuifungia injini ya Bologna vazi jipya. Injini yenyewe ilikuwa imepiga hatua, kwa maana Massimo Bordi, aliyeandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya desmodromiki, alikuwa ameongeza valvu ziwe nne kwa kila silinda na kuweka upoezaji wa maji.

Matokeo yalikuwa 916, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994. Eksozi zake zilipandishwa chini ya kiti ili pikipiki iweze kulala zaidi kwenye kona bila kugusa lami, na pia ili gurudumu la nyuma, linaloshikwa na mkono mmoja tu badala ya miwili, libaki wazi upande mmoja na kubadilishwa haraka katika mbio ndefu. Fremu ya mabomba ya chuma haikufichwa. Macho ya wapenzi huona uzuri, na ni kweli 916 ni nzuri kiasi kwamba hadi leo wabunifu wa pikipiki hupimwa nayo, lakini kila mstari unaopendeza kwake unaweza kuelezwa kwa sababu ya kiufundi, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu nakala nyingi zilizoiga eksozi za chini ya kiti na kuishia kuwa na uzito juu na joto kwenye mapaja. Carl Fogarty alitwaa ubingwa wa dunia wa Superbike, mashindano ya pikipiki zinazotokana na zile za madukani, mwaka 1994, 1995, 1998 na 1999 kwa pikipiki za ukoo huo. Wapinzani walilalamika kwamba kanuni ziliruhusu silinda mbili kuwa na cc 1,000 huku zile za silinda nne zikibanwa kwenye 750, na hoja yao ilikuwa na haki ndani yake. Inafaa kuongezwa tu kwamba mwaka 2006, wakati pande zote zilikuwa na cc 1,000, Troy Bayliss alishinda ubingwa uleule kwa Ducati ya silinda mbili.

Yote haya yangebaki kuwa historia ya viwanda kama pikipiki zenyewe zisingedai kushughulikiwa. Injini za mwanzo za Taglioni zilipeleka mzunguko hadi kwenye kamshafti kwa mhimili uliosimama wenye gia za pembe, ambazo fundi alizipanga kwa subira kubwa hadi ziingiliane bila kelele wala kubanana. Kuanzia Pantah ya mwaka 1979 mikanda ya mpira yenye meno ilichukua nafasi hiyo, ikashusha gharama, lakini ikaleta wajibu mwingine, kwa sababu mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na kwa miaka mingi miongozo ya kiwanda ilitaka ubadilishwe kwa muda maalumu hata kama pikipiki haikutembea. Kurekebisha valvu nako ni kazi maradufu: kila valvu ina nafasi ya upande wa kufungua na nafasi ya upande wa kufunga, zinazopimwa kwa vibamba vyembamba katika sehemu za mia za milimita, na kurekebishwa kwa vipande vidogo vya chuma vyenye unene mbalimbali. Mmiliki anayeamua kufanya kazi hiyo mwenyewe katika banda la nyumba yake hutumia siku nzima ambayo mmiliki wa pikipiki ya Kijapani angeitumia barabarani. Wasioelewa huhesabu hilo kuwa hasara. Lakini aliyepima nafasi hizo kwa vidole vyake anaujua uamuzi wa Taglioni kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha, na ndiyo maana vilabu vya wenye pikipiki hizi, kuanzia vile vya kienyeji hadi mkusanyiko wa Ducati unaofanyika Misano, hutumia muda mwingi zaidi kubadilishana spea, vipimo na mbinu kuliko kusimulia kasi.

Swali linalowagusa wapenzi sasa ni nini kitabaki. Ducati, ambayo tangu mwaka 2012 iko chini ya Audi, imeacha klachi kavu iliyokuwa ikilia kama njuga katika pikipiki zake za kawaida, imeacha fremu ya mabomba katika nyingi kati ya hizo, na mwaka 2018 ilihama kutoka silinda mbili hadi nne katika pikipiki yake kuu ya mbio, Panigale V4, ingawa nyuzi 90 zilibaki. Injini ya V4 Granturismo iliyotolewa mwaka 2020 ilirudisha springi za valvu, na ukaguzi wake ukasogezwa hadi kila kilomita 60,000. Uamuzi huo ni sahihi kwa msafiri wa masafa marefu, na haifai kuulaumu: chuma cha springi cha leo si kile cha mwaka 1956, na Taglioni mwenyewe aliiondoa springi kwa sababu ilikuwa ikikatika, si kwa sababu aliichukia. Lakini katika mbio, mahali ambapo mizunguko bado inaitesa kila sehemu ya injini, hoja yake haijajibiwa na wakati. Viwanda shindani katika MotoGP, daraja la juu la mbio za dunia, hufunga valvu zao kwa hewa iliyoshindiliwa. Ducati haijawahi kufanya hivyo. Mwaka 2022, Francesco Bagnaia alipokuwa Mwitaliano wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la juu akiwa juu ya pikipiki ya Kiitaliano tangu Agostini alipofanya hivyo na MV mwaka 1972, valvu za injini yake zilikuwa zikifunguliwa na kufungwa kwa kamu.